Kabla Mkuki Haujaruka: Mwili, Namba na Safari ya Mrushaji Mwenye Mtindio wa Ubongo

Kenya ilikwenda Paralimpiki ya Paris mwaka 2024 ikarudi na medali moja tu. Ilikuwa ya fedha, na aliyeileta ni Samson Ojuka, katika kuruka umbali, kitengo cha T37, yaani cha walioathirika nusu moja ya mwili kwa jeraha la ubongo. Hapa Mombasa, kila nilipomtaja Ojuka barazani, swali lilikuwa lile lile: "Mbona mtu mwenyewe anatembea, anakimbia, anaruka? Ulemavu wake uko wapi?"

Swali hilo halina ubaya. Macho yetu yamezoea mkimbiaji asiyeona aliyeshikana kamba na mwelekezi wake, au mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mwanamichezo ambaye jeraha lake limo ndani ya ubongo, na dalili pekee ni mkono mmoja unaojikunja anapokimbia, huonekana kama mtu mwenye mwili mzima aliyejipenyeza. Nataka kulifungua jambo hili taratibu, na nitalifungua kwa mkuki badala ya kuruka, kwa sababu sijui mchezo mwingine wa uwanjani unaoonyesha wazi zaidi mtindio wa ubongo unavyoshindana na mwili wa mwenye nao. Na liko jambo moja ningependa mzazi wa Likoni au mwalimu wa Kisauni alishike: safari ya mrushaji wa namna hii huamuliwa na herufi moja na tarakimu mbili, kama F37, kabla ya kuamuliwa na nguvu za mkono wake.

Jeraha halikui, mwili unakua

Mtindio wa ubongo, ambao kliniki nyingi huuita kwa kifupi CP, hauambukizi, wala si kazi ya majini. Ni jeraha la ubongo ambao bado unakua. Hutokea mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Watoto njiti wako hatarini zaidi. Uchungu uliokawia hadi mtoto akakosa hewa unaweza kuuleta, na vilevile manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani.

Jeraha likishatokea, haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili unaolibeba. Mifupa inarefuka, misuli iliyokakamaa haiwezi kuifuata kwa kasi ile, na viungo vinaanza kuvutika. Ndiyo maana mtoto aliyetembea vyema akiwa na miaka 8 anaweza kuanza kutembelea vidole akifika 13, na mama akadhani ugonjwa umezidi. Ubongo ni ule ule. Mguu ndio uliorefuka.

Hali hii ina sura tatu. Kwa walio wengi, takriban wanne kati ya watano, misuli hukakamaa. Kwa wengine viungo huenda vyenyewe bila hiari: mkono unajinyonga, shingo inageuka, uso unakunjamana, hasa mtu anapojaribu kufanya jambo kwa makusudi. Kundi la tatu ni la wanaokosa mizani: akisimama anayumba, akinyoosha mkono kushika kikombe unapita pembeni. Wapo wenye mchanganyiko. Na wapo wengi wenye akili timamu kabisa ambao watu huwasemesha kama watoto wachanga kwa sababu tu maneno yao hutoka kwa shida. Nimeliona hili kwenye mabenchi ya kliniki za mazoezi ya viungo, na linaniuma kuliko jambo lolote jingine katika habari hii yote.

Mkuki unautaka upande ulioumia

Tazama Julius Yego akirusha. Siku alipotwaa ubingwa wa dunia kule Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, alianguka kifudifudi mara tu mkuki ulipomtoka, kama ilivyo desturi yake. Kuanguka kule si mbwembwe. Ni kasi iliyobaki mwilini baada ya sehemu yake kuingia kwenye mkuki.

Wengi hudhani mkuki ni kazi ya bega. Kwa kweli mkono ndio wa mwisho kuamka. Mrushaji wa mkono wa kulia hukimbia, kisha hukimbia kimshazari akipitisha mguu mmoja mbele ya mwingine, halafu huukita mguu wa kushoto mbele yake, goti limekazwa. Mguu ule unakataa kuendelea. Mwili wa chini unasimama ghafla, na mbio zote zinapanda: nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata, bega, kiwiko, kiganja. Wakati huo huo mkono wa kushoto, ulionyooshwa mbele, unavutwa kifuani kwa nguvu ili kifua kifunguke. Mguu wa kushoto ukilegea, kasi inavuja. Mkono wa kushoto ukizubaa, kifua hakifunguki.

Sasa mchukue kijana wa Kisauni (wa kubuni, lakini wenzake wapo) ambaye upande wa kushoto wa mwili wake ndio ulioathirika. Mkono wake wa kulia ni mzima, tena una nguvu, kwa sababu tangu utotoni ndio uliofanya kazi za mikono miwili. Mtu akimwona anavyorusha jiwe juu ya mwembe atasema: huyu mkuki ni wake. Lakini mguu wa kukita ni wa kushoto. Mkono wa kuvuta ni wa kushoto. Upande ambao ubongo hauupi amri vizuri ndio ule ule ambao mchezo unautegemea kama breki. Angekuwa ameathirika kulia, angerusha kwa kushoto, na mguu wa kukita ungekuwa wa kulia. Hakuna pa kukimbilia.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi, na nimeona hata makocha wazuri wa riadha hawalijui. Misuli iliyokakamaa kwa sababu ya ubongo ina tabia yake: ukiivuta polepole inakubali, ukiivuta kwa ghafla inakaza. Kadiri mwendo unavyokuwa wa kasi, ndivyo inavyopinga. Daktari wa neva James Lance aliliandika wazi mwaka 1980, na hadi leo mtaalamu wa fiziotherapia anapoukunjua mguu wa mtoto mezani na kuupa alama kutoka 0 hadi 4 kwa kipimo cha Ashworth, anachokipima ni ule upinzani. Siri yote ya mkuki ni kasi. Kwa hiyo mrushaji huyu anapofanya kile hasa ambacho mchezo unamtaka afanye, mwili wake unajifunga. Kocha anayempigia kelele "ongeza mbio!" anaweza kuwa anampunguzia mita.

Ndiyo maana mbio zake hufupishwa. Anajengwa kuanzia hatua chache, anaongezewa moja moja, na anasimama pale ambapo hatua ya ziada inaanza kumkaza badala ya kumsaidia. Kwa mmoja itakuwa hatua tano, kwa mwingine zaidi. Hakuna kipimo cha wote, na kocha asiye na subira ya kukitafuta atamvunja moyo mtu mwenye kipaji.

La tatu ni kuachia. Mkuki unatakiwa utoke ukiwa umeinuka kiasi, ncha yake ikitazama njia ile ile mkono unakokwenda, na uanguke ndani ya pembe ya takriban digrii 29 iliyochorwa uwanjani. Kosa dogo la kiganja linaupeleka nje ya mistari. Mwenye mwendo usio wa hiari anaweza kuwa na nguvu tele na bado vidole vikachelewa kufunguka.

Kisha kuna baridi. Misuli ya namna hii hukaza zaidi kwenye baridi, kwa hofu na kwa uchovu. Kijana aliyezoea jua la Mombasa akipelekwa mchujo Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi, akasubiri zamu yake amekaa kwenye zege na fulana nyepesi, si yule aliyerusha jana nyumbani. Anahitaji kupasha mwili moto kwa muda mrefu kuliko wenzake, blanketi, na mtu wa kumwambia zamu yake inakaribia. Ni mambo madogo yasiyogharimu chochote.

Namba inatoka wapi

Michezo ya walemavu iliyoanzia hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, ilikuwa ya watu walioumia uti wa mgongo. Paralimpiki ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960, na Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972 kule Heidelberg. Wenye mtindio wa ubongo walisubiri hadi mwaka 1980, Arnhem, Uholanzi. Kwa hiyo mfumo wa kuwapanga ni mpya kuliko wa wengine, na bado unagombaniwa.

Katika riadha, herufi T ni ya mbio na kuruka, F ni ya kurusha. Wenye matatizo ya misuli yanayotoka kwenye ubongo wamepewa namba 31 hadi 38. Namba 31 hadi 34 ni za wanaorusha wakiwa wameketi. 35 hadi 38 wanasimama. Ndani ya kila fungu, namba ikiwa ndogo ulemavu ni mkubwa zaidi. Walio F32 hawana mkuki kabisa, bali hurusha rungu la gramu 397, na ni mchezo mzuri usiotazamwa inavyostahili. F34 ni mtu ambaye miguu yake imekakamaa sana lakini mikono ina nguvu za kutosha. F35 miguu yote miwili imeathirika ila anasimama. F36 ni wale wa miendo isiyo ya hiari au wa kukosa mizani, mwili mzima. F37 ni nusu ya mwili, kama yule kijana wetu wa Kisauni. F38 ni aliyeathirika kidogo, lakini kidogo hicho kimefikia kiwango cha chini kinachokubalika.

Namba haitolewi na kocha wala na daktari wa hospitali. Hutolewa na jopo la waainishaji wasiopungua wawili. Kwanza wanasoma ripoti ya daktari. Kisha wanampima mezani: misuli inapinga kiasi gani, viungo vinafunguka hadi wapi, mizani ikoje. Halafu wanamtaka arushe mbele yao. Mwisho wanamtazama akishindana kweli kweli. Mwanamichezo hutakiwa kusema dawa zote anazotumia, kwa sababu dawa ya kulegeza misuli inabadilisha kinachopimwa. Kijana ambaye bado anakua hupewa namba ya muda na kuitwa tena, kwa sababu ile tuliyoiona: mwili haujamaliza kubadilika.

Hapa ndipo penye malalamiko, na nayaelewa. Kukatika kwa mguu kunapimwa kwa futi. Kukaza kwa misuli kunabadilika kati ya asubuhi na jioni. Mtu anaweza kushawishika kujionyesha dhaifu kuliko alivyo ili awekwe na wadhaifu zaidi, na kanuni zinaliadhibu hilo vikali kwa kumfungia mhusika. Mwaka 2017 kamati ya Bunge la Uingereza ilikaa kusikiliza ushahidi kuhusu manung'uniko ya uainishaji katika michezo ya walemavu. Mimi sioni kwamba udanganyifu wa wachache ni sababu ya kuudharau mfumo. Bila namba, kijana wa F37 angeshindana na Yego, na hapo mchezo ungekuwa umekwisha kabla ya kuanza.

Namba yako ina mkuki?

Ukiachilia mbali mwili, hili ndilo linalokata safari za watu, na ndilo ambalo familia hulijua wakati umeshapita.

Paralimpiki haina nafasi ya kila mchezo kwa kila namba. Washiriki wa kitengo wakiwa wachache duniani, tukio lao halipangwi. Tokyo na Paris, kwa wenye mtindio wa ubongo, mkuki wa wanaume ulikuwepo F34 na F38. Wa wanawake ulikuwepo F34 peke yake. Basi. Wanaume wa F35 na F36 walikuwa na tufe. Wanaume wa F37 walikuwa na tufe na kisahani, si mkuki.

Rudi kwa kijana wetu. Ana mkono wa dhahabu, amefundishwa mkuki kwa miaka, jopo linampa F37. Hajakosea kitu, na wao hawajakosea. Lakini kwenye jukwaa lile kubwa kabisa, kitengo chake hakina mkuki. Msichana mwenye hali kama yake, F37 au F38, naye ni hivyo hivyo. Kama angeanza kushika tufe na kisahani mapema sambamba na mkuki, angekuwa na pa kwenda. Ndiyo maana nasema familia na kocha waanze na swali la namba, hata kama jibu la mwanzo ni la kukisia tu, lililotoka kwa mtaalamu wa viungo anayeijua kanuni.

Na pale ambapo mkuki upo, ushindani ni mkali. Katika F38, José Gregorio Lemos wa Colombia alishinda dhahabu Tokyo kwa kupita mita 60, akashinda tena Paris. Katika F34, Mcolombia mwingine, Mauricio Valencia, alishinda Rio mwaka 2016, kisha Saeid Afrooz wa Iran akachukua Tokyo na Paris. Kwa wanawake wa F34, Zou Lijuan wa China alishinda mkuki na tufe pia, Rio na tena Tokyo. Namtaja Mcolombia mara mbili kwa makusudi. Colombia si nchi tajiri kama Ujerumani au Uingereza, na imefika pale.

Kiti cha F34 kinastahili maneno yake. Mrushaji haketi kwenye kiti chake cha kila siku, bali kwenye kiti maalumu cha chuma kilichofungwa ardhini kisiyumbe. Kimo chake pamoja na mto hakiruhusiwi kuzidi sentimita 75. Kinaweza kuwa na nguzo moja iliyosimama, isiyonesa, ambayo mkono usiorusha huishika na kuivuta. Mapaja hufungwa kwa mikanda, na makalio hayatakiwi kuinuka hadi mkuki umetoka. Yakiinuka, mrusho unafutwa. Kwa kuwa kufunga na kufungua kiti huchukua muda, mrushaji hurusha mirusho yake mfululizo badala ya kupokezana na wenzake. Ukikitazama vizuri utaona hakina kitu ambacho fundi wa kuchomelea wa Changamwe au Kongowea hawezi kukitengeneza akipewa vipimo sahihi. Mkenya Mary Nakhumicha Zakayo, ambaye ulemavu wake ni wa aina nyingine, alijipatia medali za Paralimpiki akirusha mkuki kutoka kwenye kiti cha namna hii.

Mombasa tuna nini

Tuna zaidi ya tunavyodhani, ila vitu havijaunganishwa. Port Reitz kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina tawi hapa, na karakana za Bombolulu zilizoanza mwaka 1969 ni kazi yake. Hospitali kuu ya Pwani iko Makadara. Mtoto wa CP wa Mombasa akifikishwa kliniki mapema, atanyooshwa misuli, atafundishwa kukaa na kusimama. Kisha anafika miaka 12 au 13, mama amechoka kumbeba kupandisha tuktuk na kushuka, anapungua kliniki, na hakuna anayempokea upande wa pili. Mtaalamu wa viungo anaujua mwili wake lakini hamjui kocha. Kocha wa riadha hajawahi kumwona.

Uwanja nao ni tatizo lake. Viwanja vyetu vya mitaa ni vya mpira, na mkuki hauwezi kurushwa pale watoto wanapocheza mpira. Lazima pawe na saa iliyotengwa, na mtu mzima wa kusimamia. Mkuki wa gramu 800 una urefu wa mita 2.6 na zaidi. Ule wa gramu 600 hupita mita 2.2. Hauingii kwenye tuktuk, na kondakta wa matatu atakukatalia. Kwa hiyo mkuki ukae shuleni au uwanjani, si nyumbani kwa mtoto. Mazoezi ya mwanzo hayauhitaji: mpira mzito kidogo wa kurushwa kwa mikono miwili ukiwa umeketi, fimbo ya mwanzi iliyokatwa vizuri, ukuta wa kulenga. Yego mwenyewe alianzia kwenye mikuki ya kuchonga vijijini Nandi. Ufuo wa Bamburi maji yakipwa unafaa kwa kurusha ukiwa umeketi, lakini sipendi kumwona mwenye mizani hafifu akikimbizwa kwenye mchanga. Unageuka chini ya mguu ambao tayari hauna uhakika.

Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya elimu, na ya kufika mahali pa umma na kupanda vyombo vya usafiri. Uwanja ni mahali pa umma. Mwalimu mkuu au ofisa wa michezo akiulizwa saa ya mkuki, haombwi fadhila.

Na kwa mzazi, lililo karibu kabisa ni karatasi. Jopo la kimataifa halitasikiliza hadithi. Linataka ripoti ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikieleza jeraha ni la ubongo, limeathiri viungo gani na kwa kiasi gani, pamoja na vipimo vya kuithibitisha. Familia nyingi hazina hata kadi ya kliniki ya mwaka wa kwanza, kwa sababu ilipotea walipohama nyumba au ililoa mvua. Nunua faili la plastiki leo. Weka humo kadi ya kuzaliwa, barua ya hospitali, picha ya ubongo kama ilipigwa, na kila alama ambayo mtaalamu wa viungo amewahi kuiandika. Kisha nenda kwa Kamati ya Kitaifa ya Paralimpiki ya Kenya, au kwa kocha anayeshughulika nayo, umuulize mtoto ataainishwa lini na wapi. Paralimpiki ya Los Angeles itaanza tarehe 15 Agosti 2028, na mtoto asiye na namba hawezi hata kuingia kwenye orodha ya mchujo.